S Iliyohama

Nilikuwa nimeandika sentensi mbili tu ubaoni. "The dog barks." Chini yake, "The dogs bark." Nikaweka chaki, nikaligeukia darasa langu la Gredi ya Nne, nikasubiri wasome kwa sauti. Nje, fundi wa mageti alikuwa ameanza kukata chuma, na kwa kuwa ukuta wake ndio ukuta wetu, tukangoja amalize kwanza ndipo tusikizane. Alipozima mashine, mkono mmoja ulikuwa juu tayari.

Ulikuwa mkono wa msichana aliyeketi karibu na dirisha. Mtoto mwembamba, soksi moja juu na nyingine chini kila siku, na hesabu zake zilikuwa safi kuliko za darasa zima. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha ndoo na beseni mtaa huohuo wetu wa Baba Dogo.

"Ticha," akasema, "hiyo S imehama?"

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa sababu sikujua bado nitaulizwa nini.

"Haijahama," nikasema. "Mbwa akiwa mmoja, kitendo kinachukua S. Mbwa wakiwa wengi, kitendo kinaacha S."

"Lakini si ni wewe ulituambia S ni ya wengi? Book, books. Cup, cups. Sasa hapo mbwa ni mmoja, na S iko."

"Hiyo ni S nyingine."

"Inafanana na ile."

"Inafanana, lakini ni nyingine."

Akautazama ubao kwa muda. "Sawa, Ticha," akasema, kwa ile sauti mtoto anayoitumia akishaona kwamba mtu mzima amechoka na ni afadhali amwache.

Ndivyo ulivyoanza muhula ule.

Nilifanya kile walimu wote hufanya. Niliwaimbisha. "The girl sings! The girls sing! The boy runs! The boys run!" Waliimba vizuri sana. Walipiga madawati, mabati ya paa yakaitikia, na mtu yeyote aliyepita njiani angesema pale kuna mwalimu anayejua kazi yake. Kisha kengele ya mapumziko ililia, wakatoka, na kabla sijafika mlangoni nikasikia, "Ticha, he want my rubber!" Mwingine nyuma yake akilia machozi halisi, "Ticha, they pushes me!"

Jioni nilibeba insha zao hadi chumbani kwangu, ghorofa ya nne, mahali ambapo maji hupanda yakitaka. Nikakaa kitandani na kalamu nyekundu. "My mother cook chapati." "My brothers likes football." "The teacher are good and she teach us." S zilikuwa zimetawanywa kama chumvi iliyorushwa na mtu aliyefumba macho. Nilisahihisha moja, nikasahihisha nyingine, na kwenye insha ya kumi na kitu nikagundua ya kwamba mkono wangu wenyewe ulikuwa unasitasita. "The boys in the class plays." Nikasoma mara ya pili. Mara ya tatu. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, nikasema sentensi kwa sauti mle chumbani peke yangu ili masikio yanisaidie.

Hilo ndilo lililonikera zaidi. Mimi Kiingereza nilikijua kwa masikio. Nilipokuwa mdogo niliambiwa "he goes" nikasema "he goes", kama vile mtu anavyoambiwa mlango unafungukia ndani na haulizi fundi alikuwa na maana gani. Baba yangu alikuwa karani Industrial Area, mtu wa kutoka Ukambani aliyependa lugha isemwe sawasawa. Ukimwambia kwa Kiswahili "viatu yangu imepotea" alijifanya hakusikia mpaka useme "viatu vyangu vimepotea". Kwa hivyo upatanisho nilifunzwa nyumbani, kwa kunyimwa jibu. Lakini watoto wangu wa darasani wamezaliwa katikati ya Sheng. Kwao "kitabu zangu" ziko nyumbani na "viti mbili" zimevunjika, na dunia inaendelea. Hakuna anayejifanya hajawasikia. Halafu napewa mimi muda wa nusu saa hivi, kati ya kelele za chuma na harufu ya sabuni inayochemka kiwanda cha pili, niwaeleze kwamba katika lugha ya tatu, herufi moja ndogo ina haki ya kuhamahama.

Wiki iliyofuata nilikuja na skafu.

Ilikuwa skafu nyekundu ya sufu niliyopewa na shangazi, na niliitoa mbele ya darasa kama mtu wa mazingaombwe anayetoa sungura kofiani. "Hii ni S," nikawaambia. "Iko moja tu. Mtu mmoja atakuwa jina, mtu mwingine atakuwa kitendo. Hawawezi kuvaa wote wawili. Wasichana wakiwa wengi, jina linavaa skafu, kitendo kinakaa bila. Msichana akiwa mmoja, jina halina skafu, kwa hivyo kitendo ndicho kinavaa."

Walipenda. Waligombania kuwa kitendo. Waliokuwa "girls" walijifunga skafu moja shingoni wawili wawili, na "sing" alisimama kando akitetemeka kwa kujifanya anahisi baridi. Msichana wa dirishani alikuwa "sings", na alijitanda ile skafu kichwani kama bibi harusi, akainama kwa darasa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, daftari zilirudi zikiwa na alama ya vyema kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaingia chumba cha walimu nikitembea kama aliyeongezwa cheo.

Mwenzangu wa Gredi ya Tano, mama mtu mzima ambaye meza yake imegusana na yangu, alinisikiliza akimenya yai. "Nzuri," akasema. "Sasa ngoja waanze kufikiria."

Walianza kesho yake.

Nilimwita yule msichana mbele awe jina, na nikamwambia yeye ni "bus". Nikamwita mvulana mmoja awe "stop". Nikanyoosha skafu kwa mvulana, kwa kuwa basi ni moja.

"Hapana, Ticha," msichana akasema. "Asivae. Mimi ni bus. S niko nayo tayari, hapa mwisho."

"Hiyo S ni ya jina lenyewe. Umezaliwa nayo."

"Sasa hiyo ni S ya tatu?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma. "Ticha, na 'children'? 'Children' haina S na ni wengi. Skafu itavaliwa na nani?"

"Hakuna. 'The children play.' Hakuna anayevaa."

"Si ulisema lazima mmoja avae?"

Skafu ilikuwa mkononi mwangu. Wote wakaitazama. Mvulana aliyekuwa "stop" akauliza kama anaweza kurudi kukaa. Nikawaambia warudi wote, wafungue vitabu, wasome habari ya soko kimyakimya. Fundi wa mageti akaanza kukata chuma tena na kwa mara ya kwanza nikamshukuru.

Mwisho wa mwaka ukafika, na mtihani nao. Sehemu moja ya karatasi ya Kiingereza ilikuwa maswali kumi ya kuchagua kati ya maneno mawili. Paka anakunywa maziwa: ni "drink" au "drinks"? Wasichana wanaimba: ni "sing" au "sings"? Nilisahihisha karatasi ya msichana wangu nikafika sehemu hiyo, nikaweka kosa, nikaweka kosa, nikaweka kosa. Nilipomaliza nilirudia, kwa sababu nilidhani nimeangalia majibu ya sehemu nyingine. Hapana. Alikuwa amekosa yote kumi.

Kwa sehemu hiyo peke yake, jumla yake ya Kiingereza ikashuka chini ya mstari ambao Mwalimu Mkuu alikuwa ameuweka. Na mwaka huo alikuwa ametangaza mbele ya wazazi kwamba aliye chini ya mstari katika Kiingereza atarudia darasa, hata kama masomo mengine ameyapita.

Nilimfuata ofisini na karatasi mkononi. Mwalimu Mkuu ni mtu nadhifu, mwenye sauti ya polepole, na matokeo ya kila darasa ameyabandika ukutani mahali ambapo mwalimu anayeingia atayaona kabla ya kuketi.

"Huyu ataniharibia Gredi ya Tano," akasema. "Kiingereza ndicho kinabeba masomo yote."

"Hisabati ameongoza darasa."

"Na maswali ya Hisabati yameandikwa kwa lugha gani, Mwalimu?"

"Tazama karatasi tu, tafadhali. Maneno yalikuwa mawili mawili. Mtoto asiyejua chochote, akifumba macho akachagua, atapata kama nusu. Huyu amekosa yote. Huwezi kukosa yote kwa bahati. Lazima uwe na kanuni, na uifuate bila kuteleza hata mara moja."

"Kanuni gani?"

"Iliyopinduka. Lakini ni kanuni."

Akaitazama karatasi kwa muda, na kwa sekunde kadhaa nilidhani nimempata. Kisha akacheka, si kwa ubaya. "Basi amefeli kwa bidii," akasema. "Mwite mzazi."

Saa ya chakula cha mchana, wengine wakiwa kwenye foleni ya githeri, nilimkalisha yule msichana karibu na meza yangu nikaweka karatasi mbele yake. Nilimwambia simgombezi, nataka tu anionyeshe alivyofikiri. Alianza mara moja, kidole kikitembea chini ya mistari.

"Hapa wasichana ni wengi. S ni ya wengi. Nikaandika 'sings'. Hapa paka ni mmoja, S hana. Nikaandika 'drink'. Hapa ndege ni wengi, 'flies'. Hapa mtoto ni mmoja, 'cry'."

Alikuwa na hakika. Hakuonekana kama mtoto aliyefeli, alionekana kama fundi anayekuonyesha ukuta aliojenga.

"Na ile skafu?" nikamuuliza. "Si ulikuwa 'sings' na ukavaa skafu kwa sababu msichana alikuwa mmoja?"

"Lakini ule ulikuwa mchezo, Ticha," akasema, akinitazama kwa huruma. "Hii ilikuwa mtihani."

Nilienda nje nikasimama kando ya tangi la maji. Nilitaka kupiga kitu teke. Ile skafu, kuimba, kuvaa na kuvua, na yeye aliyaweka yote upande wa michezo, pamoja na kuruka kamba.

Mama yake alikuja siku iliyofuata akitoka kazini, bado amevaa koti la bluu la kiwanda na kitambaa kichwani. Alikuwa mama mrefu wa kutoka upande wa magharibi, mwenye adabu ya kusalimia kila mtu aliye ofisini kabla ya kuketi. Msichana alisimama nyuma ya kiti chake. Mwalimu Mkuu akaeleza habari ya kurudia darasa kwa maneno machache, kisha akanigeukia mimi nieleze upande wa Kiingereza.

"Mama, amekosa maswali yote ya sehemu hii," nikasema. "Lakini amekosa kwa njia inayoonyesha kwamba anaelewa. Tofauti ya mmoja na wengi anaijua kabisa. Ameigeuza tu, juu chini."

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "mimi Kiingereza changu ni cha kuulizia mlango tu. Unaniambia amekosa yote. Halafu unaniambia anaelewa. Sasa mimi nishike lipi?"

Nikajaribu tena. Nikachukua karatasi, nikamwonyesha paka, nikamwonyesha wasichana. Niliona macho yake yakijitahidi kunifuata, na niliona pia namna alivyokuwa amechoka, amesimama kwenye mashine tangu asubuhi. Nikaongeza habari ya S ya majina na S ya vitendo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba ninaharibu.

Akamgeukia mtoto. "Unamchezea mwalimu?"

"Hapana, Mama."

"Kama unajua, kwa nini unaandika vibaya? Unataka nirudi hapa kuaibishwa? Unataka wenzako waende na wewe ubaki na watoto wadogo?"

Msichana alikuwa anatazama soksi zake.

Mwishowe Mwalimu Mkuu, nadhani kwa kumhurumia mama, akasema atampa nafasi. Ijumaa mtoto angekuja ofisini kwake, afanye sehemu ile upya, maswali mengine, yeye mwenyewe akiwepo. Akipita, aende Gredi ya Tano. "Na asipopita," akasema akimtazama mtoto moja kwa moja, "mwaka ujao utaketi mahali palepale unapoketi sasa."

Tulikuwa na siku chache. Kila mchana nilikaa naye. Niliacha skafu nyumbani. Nilimwambia asahau neno "wengi" kabisa, tuanze upya na Kiswahili anachokijua.

"Mtoto anacheza," nikaandika. "Watoto wanacheza. Unaona? Mmoja ana alama yake mbele, A. Wengi wana alama yao, WA. Kiswahili ni kikarimu, kinampa kila mtu alama. Kiingereza ni kibahili. Kitendo kina alama moja tu, ya nyuma, na kinampa yule aliye peke yake. Wengi wanajitosha, wana wenzao. Aliye peke yake anapewa S imsindikize."

Nililipenda sana lile wazo. Lilinijia nikipiga mswaki. Naye alilipenda, niliona uso ukifunguka. Akaandika "The boy plays" bila kuambiwa. Akaandika "The boys play". Akatabasamu. Kisha kalamu ikasimama.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe vipi?"

"'I play.' Niko peke yangu. Mbona mimi sijapewa?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu la kitabu, la nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu, na nikalitoa lote. Hata mimi lilinichosha. Yeye alitaka kujua kwa nini mtu aliye peke yake anasindikizwa akiwa yule pale mbali, na hasindikizwi akiwa mimi hapa. Jibu la kitabu lilikuwa jina tu la kile ambacho tayari amekiona.

"Ndivyo ilivyo," nikasema hatimaye. "Lugha haikupangwa na mtu mmoja akikaa mezani. Vitu vingine tunavizoea tu."

"Sasa nitavizoea kabla ya Ijumaa?"

Alizungusha kalamu kwa muda, akiangalia uwanja ambapo wenzake walikuwa wanapiga mpira wa karatasi na nailoni. Halafu akasema, taratibu, kama mtu aliyepata njia ya mkato, "Ticha, mimi nikiona jibu moja ni zuri, huwa ni baya. Si ndiyo?"

"Kwa sasa, ndiyo. Lakini..."

"Basi nitaandika ile ninaona ni mbaya."

"Hapana. Huko si kujifunza. Nataka uelewe."

"Lakini nitapita?"

Nilimtazama. Alikuwa ananiuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza njia. Ningeweza kumwambia hapana, na ningekuwa namdanganya.

"Utapita," nikasema.

Akafunga daftari.

Ijumaa nilikuwa darasani nikiwafundisha wengine habari ambazo hata sizikumbuki. Macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa ofisi ng'ambo ya uwanja. Ulifunguka, msichana akatoka akikimbia, akaenda moja kwa moja kwenye bomba kunywa maji. Baada ya muda Mwalimu Mkuu akaniita.

Karatasi ilikuwa mezani, imesahihishwa kwa mkono wake. Alama ya vyema, alama ya vyema, kutoka juu mpaka chini. Kosa moja tu, karibu na mwisho. Alitakiwa kuchagua kati ya "I walk to school" na "I walks to school". Alikuwa ameandika "walks".

"Tisa kwa kumi," Mwalimu Mkuu akasema. "Hiyo moja ni haraka za watoto. Unaona sasa? Wiki moja tu. Kumbe alikuwa anahitaji kutishwa kidogo."

"Si kutishwa, Mwalimu Mkuu. Hajaelewa bado. Amegeuza tu majibu yake. Hii moja ndiyo inaonyesha."

"Inaonyesha nini?"

"'I walk' anaisema kila siku, hawezi kuikosa. Ameikosa kwa sababu alikuwa anageuza kila kitu."

Aliinua uso akanitazama, na niliona kwamba ananiona mimi ndiye tatizo. "Mwalimu," akasema kwa sauti yake ya polepole, "juzi ulikuja hapa kuniambia amekosa yote kwa sababu anajua. Leo unakuja kuniambia amepata kwa sababu hajui. Wewe unataka nini hasa?"

Nilitaka mambo mengi. Nilitaka kitabu chetu kianze na "he runs" kabla ya kuwafundisha "books" na "cups", ili S ya kwanza waijue ikiwa kwenye kitendo. Hilo nilimwambia, palepale. Akasema kitabu kimepangwa na watu waliosoma, tufuate kitabu. Nilitaka mwaka mwingine na mtoto huyu, na wakati huohuo sikutaka hata kidogo abaki nyuma. Nilitoka nikiwa nimeshika karatasi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona ina kasoro.

Nilimkuta msichana bado bombani. "Ile ya 'I'," nikamuuliza. "Hukujua?"

"Nilijua ni 'walk'," akasema. "Lakini nilikuwa nimeamua kugeuza zote. Nikigeuza zingine na niache moja, nitachanganyikiwa."

"Na hizo zingine, sasa unaziona ni sawa?"

Alifikiria kwa uaminifu, maji yakimtiririka kidevuni. "Bado naona wamekosea," akasema. "Lakini nimewaandikia vile wanataka."

Mama yake alikuja jioni hiyo, kabla ya kuingia zamu ya usiku. Alisimama langoni kwa kuwa hakuwa na muda wa kuingia. Mwalimu Mkuu alikuwa amempigia simu, na uso wake ulikuwa tofauti kabisa na ule wa siku ile ofisini. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu, asante. Mungu akubariki. Nilimwambia nyumbani, ukirudia darasa nitakupeleka kwa nyanya yako kijijini ukachunge ng'ombe. Akalia usiku huo. Lakini umeona? Ameamka."

"Mama, si hofu," nikaanza. "Mtoto wako ana akili sana. Alichofanya ni..."

"Ana akili, ndiyo. Ni ukaidi tu. Ukimwona anaanza tena mwaka ujao, usinifiche. Unipigie, nitakuja mara moja."

"Nilitaka kukueleza vile alivyofikiri. Ukimtisha ataandika kitu ambacho hakiamini, na akifika mbele..."

King'ora cha kiwanda kikalia. Mama aliachia mkono wangu, akarekebisha kitambaa chake. "Nitakuja siku nyingine unieleze vizuri," akasema, na niliona kwamba alimaanisha, na kwamba hatapata siku hiyo. Akamwita mtoto, akamkabidhi ufunguo wa nyumba, akamwambia apashe mboga iliyo kwenye sufuria ndogo na asifungulie mtu. Kisha akatembea haraka kuelekea kiwandani, koti lake la bluu likichanganyika na makoti mengine ya bluu.

Msichana alinipungia mkono akaenda upande wake. Nami nikarudi chumba cha walimu kuchukua mkoba. Mwenzangu wa Gredi ya Tano alikuwa bado mezani kwake.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Amepita. Ni wako Januari."

"Sasa mbona umenuna hivyo?"

Nikavuta kiti, nikaweka ile karatasi mbele yake, nikaanza kumweleza kuanzia swali la kwanza. Alisikiliza kidogo, akatazama alama iliyoandikwa juu, akanirudishia.

"Tisa kwa kumi," akasema. "Wewe nawe unapenda kujisumbua."